Wasomaji Wanauliza: Kabla Hujashika Maiki

Barua za mwezi huu zimetoka Mbale, Mukono, Kampala, Masaka, Kitgum na Kasese. Karibu zote zinauliza jambo moja: mtu amepewa dakika zake mbele ya watu, afanye nini kati ya leo na siku hiyo? Barua ndefu tumezifupisha. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Mbale. Mkutano mkuu wa mwaka utafanyika baada ya wiki tatu. Nimepewa dakika 20 kusoma ripoti mbele ya wanachama wapatao 200, na ripoti ina kurasa 14. Mwaka jana watu walianza kutoka nje kabla sijafika katikati. Nianzie wapi?

Anza na hesabu, ndugu katibu. Ukurasa uliochapwa kwa kompyuta hubeba maneno 350 hivi. Msemaji mtulivu wa Kiswahili hutamka kati ya maneno 90 na 120 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu: "hatukuwalipa" ni neno moja lakini ni sentensi nzima. Kurasa zako 14 ni maneno karibu 5,000, yaani dakika 45 bila kunywa maji. Waliotoka nje mwaka jana hawakukosa adabu. Walikuwa wameombwa kukaa zaidi ya mara mbili ya muda walioahidiwa.

Jipime mwenyewe leo. Simama, washa saa ya simu, soma kwa sauti dakika mbili kama unavyosoma mkutanini, hesabu maneno, gawa kwa mbili. Hicho ndicho kiwango chako. Kizidishe kwa 16, si kwa 20, kwa kuwa dakika nne zitaliwa na kupanda jukwaani, salamu, makofi na yule mwanachama atakayesimama kukuuliza jambo kabla hujamaliza. Ukisema maneno 105 kwa dakika, una nafasi ya maneno 1,700 tu, sawa na kurasa tano.

Hapa wengi hukosea: wanachukua ripoti na kuipunguza. Ripoti iliyopunguzwa bado ni ripoti, imeandikwa kwa ajili ya macho. Iache kamili kama ilivyo, itoe nakala, igawe mlangoni na nyingine uibandike ukutani. Kisha andaa kitu kingine cha kusemwa. Kianze na sentensi moja, ambayo ni jibu la swali hili: mwanachama akifika nyumbani jioni na jirani akamuuliza "Mmeambiwa nini?", ungependa ajibu nini? Kwa mfano: "Tulipoteza bei nzuri kwa sababu kahawa mbivu ililala usiku kabla ya kumenywa, na mwaka huu kila kikundi kinatakiwa kuileta siku ile ile inapochumwa." Kila mkulima wa Mlima Elgon anajua kwamba kahawa mbivu ikilala kwenye gunia huanza kuchacha na ladha yake kuharibika. Kwa hiyo sentensi hiyo inamgusa kila aliyekaa ukumbini, na ina jambo la kufanya kesho yake. Sentensi kama "Chama kimepiga hatua katika nyanja mbalimbali" haimwachi mtu na kitu cha kumjibu jirani.

Ukishaipata, pitia ripoti na kalamu nyekundu. Kisichoisaidia sentensi hiyo kinabaki kwenye karatasi za mlangoni. Bakiza hoja tatu, na kila hoja ipe namba moja na kitu kimoja ambacho watu wanaweza kukiona kichwani: gunia, mashine, barabara ya kwenda kituo. Namba zipunguze makali. Kama vitabu vinasema 486,350,000, jukwaani sema "karibu milioni 490", na yule mwenye kutaka shilingi ya mwisho ataikuta kwenye nakala. Bora zaidi, igawanye: katika kila shilingi 100 zilizoingia, ngapi zilimfikia mkulima, ngapi zilikwenda kwenye usafiri, ngapi kwenye deni. Milioni mia kadhaa hakuna aliyewahi kuzishika mkononi, lakini shilingi 100 kila mtu anaijua.

Wiki zako tatu zigawanye hivi. Wiki ya kwanza ni ya kuchagua, na usiandike zaidi ya karatasi moja. Mwisho wa wiki hiyo, kabla ya kuandika hotuba, isimulie kwa mdomo mara mbili huku simu ikirekodi. Andika baada ya kujisikiliza. Mpangilio huu ni wa maana sana. Anayeandika kwanza huandika sentensi zenye "ambayo" tatu, kisha pumzi inamwishia katikati. Anayesema kwanza huandika sentensi ambazo kinywa chake tayari kimekubali kuzibeba. Wiki ya pili fanya zoezi mara moja kila siku, kwa sauti, ukiwa umesimama. Mara tano kwa siku moja haziwi sawa na mara moja kwa siku tano, kwa sababu usingizi kati ya zoezi na zoezi ndio unaoyakaza mambo kichwani. Kusoma kimya kitandani si zoezi. Ulimi haujafanya kazi yoyote.

Wiki ya tatu simama mbele ya watu wawili, mmoja anayejua kahawa na mwingine asiyejua. Usiwaulize "Imekuwaje?" maana watakusifu. Waulize "Nimesema nini?" Wakikujibu tofauti na sentensi yako, rekebisha hotuba, usibishane na wasikilizaji. Zoezi la mwisho lifanyie ukumbini penyewe ukiweza, na siku ya kuamkia mkutano rudia mara moja tu, ukalale.

Sentensi nne za mwanzo na tatu za mwisho zihifadhi neno kwa neno. Katikati yote yaendeshe kwa hoja.

Katika mikutano yetu wageni wa heshima ni wengi, na kuwataja wote hula muda. Halafu mshereheshaji hunong'ona kwamba dakika zangu 20 zimebaki saba. Nifanyeje? (Mukono)

Orodha ya wageni ichukue kwa mshereheshaji kabla ya kuanza, iandike kwenye kadi ya peke yake, na majina usiyoyajua uliza yanavyotamkwa. Mgeni mmoja na vyeo vyake huchukua sekunde kama 10. Wageni tisa ni dakika moja na nusu. Mtaje mgeni rasmi, mwenyeji wa shughuli, kiongozi wa dini au wa mila aliyepo, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa pale pale, kwa maana ndiye mwenye eneo na ndiye husahaulika. Waliobaki wafunike kwa "itifaki imezingatiwa". Hakuna atakayeona ametupwa ikiwa umelisema neno hilo ukiwatazama.

Kuhusu kukatwa muda, jiandae nao kama unavyojiandaa na mvua. Uwe na hotuba ya urefu wa aina tatu: kamili, nusu, na ya dakika tatu. Si lazima uandike mara tatu. Kwenye kadi zako weka nyota nyekundu kwenye hoja zitakazobaki ukiwa na nusu ya muda, na duara kwenye ile moja ya dakika tatu. Ukikatwa, kata katikati ya hotuba, kamwe usikate mwisho, na usiongeze kasi. Msemaji anayekimbia humfanya msikilizaji aanze kuhesabu dakika badala ya kusikiliza.

Nasoma shahada ya uzamili Kampala na ninatetea tasnifu yangu mwezi ujao. Nina dakika 15 na slaidi 38. Msimamizi anasema ni nyingi lakini kila moja ina umuhimu. Pia naogopa umeme.

Msimamizi yuko sahihi. Slaidi 38 kwa dakika 15 ni sekunde 24 kila moja, na jedwali lolote la maana linamhitaji mtazamaji nusu dakika kabla hajajua safu ipi ni ipi. Lenga 10 hadi 12. Hizo nyingine usizifute. Ziweke baada ya slaidi ya mwisho, zikingoja maswali. Mtahini akiuliza jinsi ulivyochagua sampuli na wewe ukaifungua slaidi yenye jibu, hakuna maandalizi yanayoonekana wazi kuliko hayo.

Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi yenye kauli. "Matokeo" hakisemi kitu. "Wanafunzi wanaotembea zaidi ya kilomita tano hukosa shule mara mbili zaidi" kinasema, na mchoro ulio chini unakuwa ushahidi wake. Jedwali usilihamishe zima kutoka kwenye tasnifu. Chagua mistari mitatu inayobeba hoja.

Herufi zisipungue ukubwa wa 28, na zijaribu hivi: weka laptopu mezani, fungua slaidi ijae kioo, rudi nyuma mita mbili. Kioo cha laptopu kina upana wa sentimita 30 na ushei, kwa hiyo umbali huo ni kama mara sita ya upana wake, karibu sawa na aliyekaa mita 13 kutoka kwenye skrini ya mita mbili. Usichoweza kusoma hapo, hata mtu wa nyuma ukumbini hawezi kukisoma.

Rangi ya nyuma iwe nyeupe au nyepesi, hasa kama ukumbi una madirisha makubwa yasiyo na mapazia. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi unaouona ni mahali ambapo haikutupa mwanga. Jua likiingia, sehemu hizo hugeuka kijivu, na maandishi ya manjano au mekundu juu ya rangi nyeusi hupotea.

Sasa vifaa. Nenda kwenye chumba hicho siku moja kabla, na laptopu yako mwenyewe. Projekta za zamani zina tundu la VGA, laptopu mpya nyingi zina HDMI au tundu dogo la USB-C pekee, na kiunganishi hicho ndicho kitu ambacho chumba kizima hukitafuta asubuhi wakati watahini wamekaa. Nunua chako. Picha isipotokea ukutani na kompyuta ni ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, uchague kurudufisha. Hifadhi slaidi kwa namna mbili, ya kawaida na ya PDF, kwa kuwa kompyuta nyingine isipokuwa na aina ya herufi uliyotumia itaweka nyingine na mistari yako yote itasogea. PDF haisogei. Nakala ziwe tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye barua pepe au simu. Flashi iliyopitishwa kwenye kompyuta za maduka ya fotokopi isiwe tegemeo lako la pekee. Virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato zisizofunguka husambaa kwa njia hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri lakini projekta itazima hapo hapo. Zile zenye taa ya moto hutaka kupoa kabla ya kuwaka tena, kwa hiyo hata jenereta ikiwaka mara moja utangoja dakika kadhaa. Chapisha karatasi moja yenye michoro yako miwili mikuu, nakala kwa kila mtahini na mbili za ziada. Fanya zoezi moja zima ukiwa na karatasi hiyo tu. Ukiweza kutetea kazi yako bila slaidi, basi umeiva.

Maswali yanaamua mengi kuliko dakika 15 zenyewe. Andika 10 unayoyaogopa, ukianza na lile ambalo hutaki kabisa kuulizwa, na ulijibu kila moja kwa sekunde 40: jibu kwanza, sababu baadaye. Watahiniwa wengi huanza na historia ya jambo na mtahini hukata tamaa kabla ya jibu kufika. Usipojua, sema hujui, kisha eleza takwimu zako zinaweza kuonyesha nini na zinaishia wapi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Masaka. Nimealikwa kuzungumza Arusha katika Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Lugha yangu ya kwanza ni Luganda na nahofia Watanzania watanicheka.

Mwalimu, nenda ukiwa umenyooka. UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021 haikuitangaza kwa ajili ya pwani peke yake. Lakini hofu yako ina mzizi wa kweli, na mzizi huo una dawa mahususi.

Kwa Mganda, l na r ni kama sauti moja yenye sura mbili. Baada ya e na i husikika r, kwingineko husikika l. Katika Kiswahili ni sauti mbili zinazotenganisha maana. Mazoea ya Luganda yakiingia, "kura" inakuwa "kula", "mahari" inakuwa "mahali", "karamu" inakuwa "kalamu", na "kilimo" kinageuka "kirimo". Kumwambia mkutano "twendeni tukapige kula" kutavunja hoja nzuri kuliko kosa lolote la ngeli. Basi usijichoshe kuichunga kila r na kila l. Chukua hotuba yako na kalamu nyekundu, pigia mstari mambo matatu tu: kila r inayokuja baada ya a, o au u, kila r inayoanza neno, kama "rais" na "rafiki", na kila l inayokuja baada ya e au i. Hapo ndipo ulimi utakapoteleza, kwingineko Luganda na Kiswahili vinakubaliana. Yasome maneno hayo kwa jozi, polepole, dakika 10 kila siku kwa wiki tatu, kisha ndani ya sentensi, kisha ndani ya hotuba. Chunga pia h ya mwanzo: "haki", si "aki". (Wasomaji wa Acholi wana jozi yao ya kujifunza, sh na s: "shindano" lisiwe "sindano".)

Mtego wa pili ni namba. Luganda huhesabu kwa mitwalo, yaani makumi elfu, nacho Kiswahili kwa elfu na laki. Kutafsiri jukwaani papo hapo ndiko kunakopoteza sifuri. Andika kila namba kwa maneno kwenye kadi. Tena epuka "elfu mia mbili na tatu", kwa sababu wengine watasikia 203,000 na wengine 200,003. Sema "laki mbili na elfu tatu" na hakuna atakayekosea. Saa hazitakusumbua kwa kuwa Luganda nayo huhesabu kuanzia mapambazuko, ila ratiba iliyochapwa kwa Kiingereza ikionyesha 2:00 mchana, wewe sema saa nane.

Ukikosea upatanisho wa ngeli, endelea. Rudi nyuma pale tu kosa linapobadilisha maana. Msemaji anayejisahihisha kila sentensi huwafundisha wasikilizaji kuwinda makosa yake.

Ninafanya kazi ya afya ya jamii Kitgum. Kiacholi changu ni cha salamu tu, hivyo nazungumza Kiswahili na mkalimani anatafsiri. Mkutano ujao ni kuhusu chanjo ya malaria. Nahisi nusu ya ninayoyasema haifiki.

Huenda ni kweli. Kwanza kubali kwamba dakika 30 ukiwa na mkalimani ni dakika 15 zako, pengine pungufu. Andaa za 13.

Mkalimani ndiye mzungumzaji wako halisi, na mara nyingi huitwa asubuhi ile ile kwa kuwa yuko karibu. Mtafute siku moja kabla na mkae saa nzima. Mpe maneno 10 hadi 15 magumu mapema ili mkubaliane neno la Kiacholi kwa kila moja: chanjo, dozi, kinga, homa, kadi ya mtoto. Halafu fanyeni jaribio hili. Wewe sema sentensi tano, yeye azitoe kwa Kiacholi kwa mtu wa tatu, na huyo wa tatu akurudishie kwa Kiswahili alichosikia. Utashangaa kuona "chanjo inapunguza malaria kali" imerudi kama "chanjo inazuia malaria", na mama aliyesikia hivyo ndiye atakayeacha kutandika neti. Kosa hilo ni rahisi kulitibu mezani, gumu kulitibu kijijini baada ya mwezi.

Namba zipewe heshima ya peke yake. Dozi za chanjo hii hapa Uganda ni nne, mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Usizipitishe zote kwa sentensi moja. Sema "dozi nne" ukiinua vidole vinne, ngoja tafsiri. Taja mwezi mmoja, ngoja. Mwishoni waombe akina mama wazirudie. Dozi ya nne ndiyo inayosahaulika, kwa sababu miezi kumi inapita kati yake na ya tatu. Hapo kaa zaidi.

Siku yenyewe toa sentensi moja au mbili, zisizozidi maneno 20, na umalize sentensi kabla ya kunyamaza. Mkalimani aliyeachiwa nusu ya wazo hubuni nusu nyingine. Watazame watu, si yeye. Methali na michezo ya maneno iache nyumbani, haivuki lugha. Akichukua muda mrefu mno kuliko wewe, anaongeza yake. Akichukua mfupi mno, anaangusha. Katika hali zote mbili fupisha vipande vyako. Usimsahihishe hadharani kwa jambo dogo, lakini namba ya dozi ikikosewa, msimamishe hapo hapo kwa upole.

Mikutano yetu Kasese mara nyingi ni nje au chini ya paa la mabati. Maiki hupiga mbinja, jenereta inanguruma, na mvua ikija tunanyamaza wote.

Mbinja hutokea maiki inaposikia sauti ya spika, ikairudisha kwenye spika, ikaisikia tena, na kuzunguka hivyo hadi inapiga kelele. Spika ziwe mbele yako na zielekee kwa watu, wewe usimame nyuma ya mstari wa spika hizo. Usiizungushie kiganja ile sehemu ya wavu kama wafanyavyo wanamuziki, maana hilo huongeza mbinja. Ishike sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye midomo, kidogo upande wa chini ya kinywa, ili pumzi ya "pa" na "ba" ipite juu yake isiipige. Ukiisogeza mbali kwa kuona haya, fundi ataongeza sauti na mbinja itarudi. Upepo ukivuma, ivalishe kifuniko cha sponji. Maiki isiyo na waya itiwe betri mpya asubuhi hiyo, na mbili ziwe mfukoni.

Kusema "moja, mbili, tatu" kwenye uwanja mtupu hakutoshi, kwani miili ya watu hunyonya sauti. Mweke mtu safu ya mwisho mkubaliane ishara mbili: mkono juu, ongeza sauti, mkono kifuani, punguza kasi. Jenereta iwe umbali wa mita 20 au 30, nyuma ya jengo ikiwezekana, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Tangi lijazwe kabla ya kuanza. Kumimina petroli kwenye injini ya moto katikati ya mkutano ni kutafuta moto mkubwa zaidi.

Mkiwa nje, tazama jua lilipo. Watu wasikae wakiwa wamelielekea. Wewe ndiye ulielekee. Asiyeweza kufumbua macho hawezi kukutazama, na asiyekutazama hakusikilizi muda mrefu.

Mvua kwenye mabati haishindwi na maiki yoyote, na anayepiga kelele juu yake anapoteza sauti yake bure. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, omba nafasi ya asubuhi. Mvua ikikukuta, simama. Kubaliana mapema na mshereheshaji kwamba dakika hizo watu watazungumza wawili wawili kuhusu swali moja utakalowaachia, na uliandike swali hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila uwe nayo tayari.

Nikiitwa jina langu, moyo unadunda, kinywa kinakauka na karatasi inatetemeka hadi watu wanaiona. Rafiki amenishauri kidonge. Nihifadhi hotuba yote au nisome? (Mukono)

Mwili wako unafanya kazi yake. Ukihisi hatari, unaharakisha moyo, unapunguza mate, unaipa misuli nguvu, na nguvu isiyo na kazi ndiyo inayotetemesha vidole. Kwa wengi hali hii huwa kali zaidi dakika chache kabla ya kusimama na katika dakika ya kwanza, kisha hushuka yenyewe. Kwa hiyo huhitaji kuishinda kwa dakika 20. Unahitaji kuivuka dakika moja, na ndiyo maana tunasisitiza sentensi nne za mwanzo zihifadhiwe hadi uweze kuzisema huku unaosha vyombo. Ukiwa bado kwenye kiti, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika mbili. Kutoa pumzi kwa urefu ndiko kunakotuliza moyo, kwa hiyo usifanye kinyume. Ukifika mbele, weka miguu yote miwili chini, tazama mtu mmoja, hesabu hadi tatu, ndipo useme.

Chai kali na kahawa ziepuke saa mbili kabla, maana huleta dalili zile zile za woga. Kula chakula chepesi saa moja na nusu kabla. Maji yawe karibu, uyanywe kwa mafunda madogo.

Kidonge cha rafiki kikatae. Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo hutolewa na daktari baada ya kukupima, na kwa mwenye pumu zinaweza kubana kifua hadi kuhatarisha maisha.

Hotuba yote usiihifadhi. Aliyehifadhi yote akisahau neno moja hupoteza na yanayofuata. Wala usisome karatasi nyembamba ya A4, kwa sababu hukuza mtetemo mdogo wa mkono mpaka safu ya nyuma iuone. Kata karatasi ya manila iwe kadi za sentimita 10 kwa 15, andika upande mmoja tu, maneno yasiyozidi 20 kwa kila kadi, kwa herufi unazoweza kuzisoma kadi ikiwa juu ya meza nawe umesimama. Kadi sita au saba zinatosha dakika 20. Zipe namba pembeni, zitoboe tundu kwenye kona ya juu kushoto, uzifunge kwa uzi ulio legevu ili zifunguke kama kurasa na zisitawanyike zikikuponyoka.